Fundi Makochi na Kipande cha Ini

Kwa miaka mingi Mama Pacha aliamshwa na nyundo ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa uani. Alipokea makochi yaliyochoka, akayavua vitambaa na sponji hadi zikabaki mbao tupu, kisha akayavika upya.

Sasa nyundo ilikuwa kimya. Fundi alishinda amejilaza kwenye kochi la mteja, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ini lake limekwisha, na bila jingine hataishi. Dada mdogo wa Fundi, kwa hiari yake, akajitolea kumpa kipande cha ini lake. Vipimo vikaonyesha anafaa. Fundi akakataa katakata.

"Nitasubiri ini la maabara," alisema. "Nimesikia redioni. Wanalivua ini kuukuu, inabaki fremu, wanalivika upya. Si ndiyo kazi yangu hiyo? Naielewa."

"Unaelewa makochi," Mama Pacha alimjibu, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Jirani alikuwa mtafiti wa maini katika maabara ya chuo. Mtaa mzima ulimwita Miwani, maana alikuwa nazo mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Shemeji, redio haikukudanganya," Miwani alisema alipofika na kuketi kando ya Fundi. "Tunachukua ini la nguruwe, tunapitisha dawa inayoosha seli zote, zile chembe hai zinazojenga mwili. Inabaki fremu nyeupe, na njia za damu ziko palepale. Halafu tunapandikiza seli za binadamu."

Fundi akamgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Sijamaliza," Miwani akasema. "Seli hizo zinataka damu ipite kila kona bila kuganda. Hapo bado tunahangaika. Vipande vidogo tunavyokuza vinatusaidia kupima dawa na kujifunza. Ini zima la kumwekea mtu bado. Litakuwa tayari lini, hata mimi sijui. Na wewe huna muda wa kunisubiri."

Fundi akachezea uzi uliochomoza kwenye mto.

"Huyu dada yangu nimemlea mimi," alisema. "Akatwe, abaki na kiraka? Kitambaa ukikikata kimekatika. Sijaona kinachoota."

Miwani akacheka hadi miwani ya kichwani ikamwangukia mapajani.

"Ini linaota, shemeji. Ndiyo maana tunalichunguza usiku na mchana. Litakalobaki kwake litakua, na kipande chako kitakua. Baada ya miezi michache yatakaribia ukubwa wa kawaida. Sikufichi, upasuaji una hatari zake kwenu wote wawili. Na wewe utameza dawa maisha yako yote, ili mwili usilikatae ini la mwenzio. Lakini kiraka, hapana."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo kiunoni.

"Kumbe ulikuwa unanihurumia," alisema. "Mimi nilidhani unaliona ini langu la hali ya chini."

"Naogopa litakuja na mdomo wako."

"Litakuja nao. Jiandae."

Fundi akacheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja. "Haya. Mnipeleke kwa daktari."

Miezi michache baada ya upasuaji, mvua zilipokatika, nyundo ililia tena uani. Macho ya Fundi yalikuwa meupe. Picha za hospitali zilionyesha maini yote mawili yamekua vizuri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiti cha Miwani, chenye sponji nene.

"Ukae hapo mpaka umalize lile ini lako la maabara," alimwambia. "Wako wagonjwa wasio na dada kama wangu."

"Kaka, punguza nyundo," dada yake akaita kutoka jikoni. "Ini langu linataka kulala."

"Liambie liamke. Kuna makochi matatu yanalisubiri."

Mama Pacha akawaacha wabishane. Alikuwa amezikosa sana kelele hizo.