Kurasa Nane za Mwisho

Kila Jumatano baada ya masomo, Kidoti alipitia maktaba kabla ya kurudi nyumbani. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama ndogo nyeusi shavuni. Mkutubi naye watoto walimpachika jina la Mama Vitabu.

Mama Vitabu alikuwa na wazimu mmoja tu: waandishi wanaowaandikia vijana. Ukimwuliza vitabu vya kilimo, atakuonyesha rafu kwa kidole. Ukimwuliza hadithi za vijana, ataacha chai yake ipoe akikusimulia. Aliyejaza kadi ya maoni kuhusu kitabu alichosoma aliruhusiwa kuazima viwili badala ya kimoja, na kadi hizo ndizo zilizomwongoza mkutubi kuagiza vitabu vipya.

Siku moja Kidoti alitamani kitabu cha pili, chenye picha za wanyama. Akajaza kadi chapuchapu kuhusu riwaya aliyosoma kurasa kumi tu: "Mwisho wake ulinitoa machozi."

Wiki iliyofuata Mama Vitabu alimpokea mlangoni akitabasamu. Mwandishi wa riwaya ile angefika Jumamosi, na Kidoti ndiye aliyechaguliwa kusimama mbele ya watu aeleze jinsi mwisho ule ulivyomgusa. Kidoti aliitikia kwa kichwa. Akaiazima tena riwaya na kwenda nayo nyumbani.

Safari hii aliisoma bila kuruka hata mstari, na ikamnasa. Ilimhusu msichana aliyevunja mashine ya kushonea ya baba yake, akamsingizia mdogo wake. Msichana alipokuwa anashika kitasa aingie kwa baba yake, Kidoti alifunua ukurasa, akakutana na jalada. Kurasa nane za mwisho zilikuwa zimenyofoka, uzi umebaki ukining'inia. Katika kimfuko cha jalada mlikuwa na kadi nyingine tatu, za watoto waliokiazima kabla yake. Zote zilisifu mwisho.

Kidoti alicheka peke yake, kisha akaona haya. Sasa alitaka kwa dhati kujua yaliyotokea nyuma ya mlango ule, lakini hangeweza kuuliza bila kujiumbua.

Ijumaa alikiweka kitabu mezani kwa mkutubi.

"Mama Vitabu, hiki hakina mwisho."

"Si uliandika kwamba ulilia?"

"Nilidanganya. Nilikuwa sijakisoma. Naomba unisamehe."

Mama Vitabu alizisoma tena zile kadi moja moja, kisha akaketi. Ilimuuma. Alisema polepole kwamba alishamwandikia mwandishi barua kumweleza jinsi watoto wake walivyolia. Baadaye akatoa mkobani nakala yake mwenyewe, imechakaa kwa kusomwa, akamwambia Kidoti asome pale pale.

Kidoti alizimaliza kurasa nane. Hakulia. Alikasirika.

"Mbona hakumwambia baba yake ukweli?"

"Kesho muulize mwandishi mwenyewe," alisema Mama Vitabu.

Jumamosi Kidoti alisimama, akaeleza kwanza habari ya kadi yake, ndipo akauliza. Watoto watatu walianza kutazama viatu vyao. Mwandishi alikiri kwamba msichana yule alikuwa mwoga, kama yeye alivyokuwa katika umri ule.

Walipokuwa wakipanga viti, Mama Vitabu alimshika Kidoti begani.

"Mwanangu, mimi sitaki sifa. Nataka kujua kitabu kimekufanya nini, hata kama kimekuchosha ukurasa wa kumi. Ukinidanganya, nitaagiza vitabu kwa ajili ya watoto ambao hawapo, na ninyi mliopo mtakosa vyenu."

Akampa kadi mpya, tupu.