Jua na Mwezi Kwenye Simu ya Babu Futi

Kila asubuhi Chapuchapu aliamshwa na cherehani. Jirani yao, fundi mzee aliyeitwa Babu Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, alianza kushona saa kumi na mbili na nusu, na mlio wa mashine yake ulipenya ukutani hadi kitandani kwa binti huyo. Hakuwa na haja ya saa. Cherehani ikilia, kumekucha.

Chapuchapu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Vyombo aliviosha chapuchapu, akaviacha na sabuni. Hesabu alizifanya chapuchapu, akaacha nusu ya jibu. Lakini kwa kuchora, hapo hakuna aliyembishia. Mama yake alikuwa mtengenezaji wa programu za simu, na meza ya kulia ndiyo ilikuwa ofisi yake. Safari hii zahanati ilimpa kazi ya wagonjwa wasiojua kusoma ambao dawa zao zilikuwa zimebadilishwa. Kila mmoja angepewa simu mpya yenye alama mbili za kubonyeza, jua kwa dawa za asubuhi na mwezi kwa dawa za jioni. Ukibonyeza, unasikia sauti ya muuguzi ikitaja rangi ya kidonge na idadi yake, basi. Alama hizo zilikuwa kazi ya Chapuchapu.

"Zile ulizochorea simu ya zamani ni ndogo mno," mama alimwambia siku ya Alhamisi. "Kioo cha simu hizi kina nukta nyingi sana. Picha ndogo ukiivuta ienee, inaingia ukungu. Zichore upya, ziwe kubwa, halafu uzitazame kwenye simu yenyewe, maana kompyuta yetu hii ya zamani itakudanganya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Nje, wenzake walikuwa wanamwita kucheza. Chapuchapu alizichukua zile picha za zamani, akazivuta mpaka zikafikia ukubwa uliotakiwa. Kwenye kompyuta zilionekana si haba. Simu mpya ilikuwa ndani ya boksi lake, hatua moja kutoka mkononi mwake. Hakulifungua.

"Umezijaribu kwenye simu?" mama aliuliza jioni.

"Nimezijaribu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, Mama."

Mama alikuwa amepigiwa na zahanati mara tatu siku hiyo, naye alimwamini mtoto wake. Jumamosi asubuhi simu kumi na mbili zikagawiwa, moja ikiwa ya Babu Futi.

Jumamosi hiyohiyo, jua likielekea kuzama, Babu Futi alimwita Chapuchapu mlangoni kwake. "Mjukuu wangu, hebu nisaidie. Macho haya yamechoka. Uzi naupitisha kwenye sindano bila tabu, lakini hiki kioo kimenishinda."

Chapuchapu akaitazama simu. Tarakimu za saa juu ya kioo zilikuwa safi kabisa. Alama za dawa ndizo zilizoharibika. Miale ya jua ilikuwa imeyeyuka na pembe za mwezi zimevimba, yakabaki madoa mawili ya manjano, mtu na pacha wake. Hata yeye aliyeyachora hakuweza kuyatofautisha.

"Labda ni miwani, Babu," alisema.

"Haya, nilijua tu ni uzee. Mwezi ni upi?"

Alitaka kusema sijui. Lakini ukisema sijui, utaulizwa kwa nini. "Wa kulia," akabahatisha, akaondoka haraka. Nyuma yake akasikia sauti ya muuguzi, nyembamba na tulivu: "Vidonge viwili vyeupe."

Asubuhi ya Jumapili aliamka mwenyewe, jua limeshaingia chumbani. Ukuta ulikuwa kimya.

"Leo Babu amelala," mama alisema akimimina chai. "Sijawahi kuona."

Chapuchapu alishika kikombe, chai ikapoa mkononi. Ikafika saa moja. Ikafika saa moja na nusu. Mama akaweka chini kitambaa cha kufutia meza, akatoka, na Chapuchapu akamfuata kwa miguu mizito.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Babu Futi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, shati limelowa jasho. Mikono ilimtetemeka, na maneno aliyojaribu kusema yalikatika njiani. Mama alimpigia muuguzi, akaiweka simu kwa sauti kubwa.

"Jana jioni alikunywa dawa gani?" muuguzi aliuliza.

"Za jioni. Programu ndiyo imemwelekeza, hakuna makosa hapo."

"Basi hili silo la dawa. Msimpe kitu, mleteni."

Chapuchapu aliitazama futi shingoni mwa mzee, ikipanda na kushuka kwa kila pumzi. Angenyamaza, nani angejua? Kisha pumzi ya mzee ikawa fupi zaidi.

"Mama, sikuzijaribu. Alama ni za zamani, nilizivuta tu. Babu aliponiuliza mwezi ni upi, nilibahatisha." Akaokota karatasi ya dawa mezani, matundu mawili yalikuwa matupu. "Alikunywa viwili vyeupe. Jana jioni."

Mama alimtazama mara moja tu.

"Vyeupe ni vya asubuhi, vinashusha sukari," muuguzi alisema upesi. "Imeshuka mno. Anaweza kumeza? Mpeni maji ya sukari sasa hivi, kidogo kidogo, halafu mje."

Chapuchapu alikoroga, kijiko kikigonga bilauri. Mama akamnywesha mzee taratibu. Baada ya muda usiopungua robo saa, macho ya Babu Futi yakatulia. "Nyie," alisema kwa sauti ya chini, "kwa sukari yote hii, mnataka niliwe na sisimizi?"

Hakuna aliyecheka. Simu nyingine kumi na moja zilikuwa nje huko. Kabla hata gari la kumpeleka Babu zahanati halijafika, mama alianza kuwapigia wagonjwa mmoja mmoja. Mmoja wao, mwanamke anayeishi peke yake, alisema vidonge vilikuwa tayari kiganjani.

Alasiri, Babu Futi akiwa amerudi salama, mama alimketisha Chapuchapu mezani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nami nina kosa, mwanangu, nilipaswa kuangalia kwa macho yangu. Lakini sikiliza. Mchoro mbaya tungeurekebisha kwa nusu saa. Uliposema umejaribu, ulitufumba macho sote, mimi, muuguzi na Babu. Akadhani ni uzee wake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia leo kwenye sakafu ya jirani. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Hakuna aliyekufa kwa kusikia hivyo."

Chapuchapu alilia, kisha akafuta uso, akachora upya, kubwa, mwale kwa mwale. Ilimchukua hadi jioni.

"Umezijaribu kwenye simu?" mama aliuliza.

Chapuchapu aliinua kichwa. "Bado, Mama."

Akaichukua simu mpya, akaenda nayo kwa Babu Futi.