Gari Lililonyamazishwa

SAA MBILI ASUBUHI

Maduhu alichora uzio wa mtambo wa dhahabu kwa chaki kwenye sakafu ya stoo, nyuma ya gereji. Akasimamisha chupa ya soda pale penye lango.

"Saa saba walinzi wanakula hapa mbele. Ugali, dagaa, redio. Sisi tunatokea nyuma, kwenye lundo la mchanga. Nuruddin anakata waya. Tunabeba mifuko ya kaboni. Basi."

Kaboni ile ilifanana na mkaa wa kawaida, ila ilikuwa imekwisha kunywa dhahabu ya mwezi mzima.

"Na gari?" Nuruddin aliuliza. "Lile likikohoa Bugarama, mpaka mji wa Isaka wanafunga milango."

"Muulize fundi."

Mageni alikuwa amekaa juu ya tairi, grisi mpaka viwikoni. Kusema mbele za watu kulimchosha kuliko kubeba injini.

"Hawatasikia," alisema.

"Umelifanya nini, dada'angu, umeliroga?"

"Kaliwashe."

Nuruddin alitoka. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa. "Linapumua kama ng'ombe aliyelala."

Ilikuwa kazi ya wiki nzima. Mageni alikata bomba la moshi lililooza, akachomelea jipya. Saileza moja ilipunguza mlio, lakini ule mvumo unaogonga kichwa gari likichanganya haukuisha, akaongeza ya pili. Akabadilisha raba zinazoshika bomba lisipigepige bodi, na raba za injini. Ndani, aliziba kila tundu chini ya pedeli kwa vipande vya mipira ya tairi, akapaka lami sakafuni na kutandika mazulia makuukuu juu yake, akavalisha milango mpira mpya.

Hakuifanya kwa ajili ya Maduhu. Landikruza ile ilikuwa ya baba yake, Pantaleo. Wiki ya matanga yake, miaka kadhaa nyuma, Maduhu alikuja akasema ameuziwa. Nani angemdai karatasi mtu mwenye bastola kiunoni?

"Kazi ikiisha, gari lako," Maduhu alimwambia sasa. "Neno langu."

SAA SABA NA ROBO MCHANA

Jua kali. Gari liliteleza nyuma ya lundo la mchanga, Mageni kwenye usukani. Ng'ambo ya lundo redio ilitangaza mpira, na walinzi walibishana kuhusu penalti.

Waya ulikatika. Mfuko wa kwanza. Wa pili. Maduhu alihema kama mbuzi wa mnada.

Mlinzi mmoja akazunguka lundo, kikombe cha maji mkononi, akasimama kunawa. Aliwapa mgongo. Mageni akaachia klachi. Gari likarudi nyuma taratibu, mifuko na wanaume wawili ndani, likapotea kwenye kichaka. Mlinzi akakung'uta mikono, akarudi kwenye ugali wake. Hakugeuza hata shingo.

SAA NANE KASORO

Barabarani alitakiwa aonekane msichana peke yake. Maduhu na Nuruddin walilala nyuma pamoja na mifuko, wamejifunika turubai.

Mageni alikuwa anaanza kutabasamu aliposikia sauti ya Maduhu chini ya turubai.

"Kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, tunamwambia asimame tukojoe."

"Halafu msichana?" Nuruddin aliuliza.

"Pale pale tulipomwacha Abel."

"Risasi?"

"Ya nini? Shimo linatosha."

Waliongea bila kujificha, kama walivyoongea miaka yote ndani ya gari lile. Zamani lilinguruma kiasi kwamba dereva hakusikia hata kikohozi chake. Abel naye, dereva aliyemtangulia, aliketi kwenye kiti hiki, akasikia ngurumo tu. Mjini walisema amekwenda Kongo kutafuta dhahabu. Mama yake bado alimwekea chakula.

Mbele palikuwa na njia panda. Kushoto, mashimo. Kulia, uwanja wa mnada wa ng'ombe, na leo ilikuwa siku ya mnada.

"Maduhu," aliita.

"Endesha tu."

"Abel alilia?"

Turubai likachakacha. Chuma baridi kikagusa kisogo chake.

"Punguza mwendo."

Akakanyaga mafuta. "Piga. Halafu ushike usukani kutokea huko ulipo, tuone."

"Mageni, mdogo wangu," Nuruddin alisema. "Tulikuwa tunataniana."

"Na mimi natania."

Alikata kulia. Gari liliinama upande mmoja, likasimama tena sawasawa. Mifuko iliwaangukia. Mageni alibana honi, akatoa kichwa dirishani, na yule msichana ambaye hata shikamoo aliitoa kwa kunong'ona akapiga yowe la Kisukuma linalomwinua kila mtu alipokaa.

"Mwano! Mwano! Wauaji!"

Ng'ombe walitawanyika. Aliielekeza Landikruza kwenye nguzo za zizi, akaukumbatia usukani.

SAA NANE NA DAKIKA TANO

Vumbi. Damu ilimtiririka Mageni kutoka kwenye paji la uso. Bastola ilikuwa imeruka mpaka miguuni pake. Akaisukuma nje kwa kiatu.

Sungusungu walikwisha kulizunguka gari, fimbo na mapanga mikononi. Waliwatoa Maduhu na Nuruddin kwa kuwaburuta.

"Huyo msichana ni mwenzetu!" Maduhu alipayuka. "Mwizi! Alituendesha!"

Kamanda wa sungusungu, mzee Stanslaus, alimtazama Mageni. "Kweli?"

"Shikamoo. Kweli, nimewaendesha. Kaboni hiyo hapo nyuma, ya watu. Nifungeni na mimi. Lakini kwanza waulizeni Abel yuko shimo gani."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa akauacha ungo wake, akaanza kupasua umati. "Abel yupi? Abel yupi huyo?"

Nuruddin akainamisha kichwa. Maduhu akamtemea mate.

"Lete ufunguo wa gari, binti," Stanslaus alisema.

Mageni aliuchomoa, akaufumbata kiganjani.

"Gari ni la baba yangu. Polisi wakilitaka, watanichukua mimi nalo. Kamba ndiyo mlete."

Alinyoosha mikono yote miwili. Wakamfunga hivyo hivyo, ngumi ikiwa imefumbwa.