Kasiksi kwa Mkono Mmoja

Wewe unayesoma, mkono huu ulishauona. Mwenye nao alisimama mlangoni mwa hospitali, ukageuza uso, ukajifanya unatafuta mtu upande wa pili. Leo utautazama.

Mwaka 1953, siku ya soko Kashebere, Libérata alikuwa amechutama nyuma ya kapu la maharagwe, kikwembe cha njano kimemkaa kiunoni, kijana mwenye koti jeusi akamkanyagia mali.

"Kaka, macho yako iko wapi?"

"Iko kwako, dada. Njo maana miguu imepotea."

Akacheka. Kijana aliitwa Evode, msaidizi wa chumba cha mashine ya kuona mifupa hospitalini.

"Inaona namna gani?"

"Ndani ya chupa iko waya ya moto. Pale kunatoka tuvitu tudogo, elektroni. Tuvitu tule tunakimbia kabisa, hakuna hewa ya kutuzuia. Tunagonga chuma, tunasimama gafla, na pale kunazaliwa mwangaza macho haiuone. Unapita mu nyama, unakwama mu mufupa."

"Bongo hiyo, unanidanganya! Na roho yangu, inaonekana?"

"Ile utanipa mwenyewe, mupenzi."

Kila soko akarudi. Hatimaye akapanda mlima hadi kijijini Bihambwe kujionyesha kwa baba yake Libérata, Papa Kanyamibwa. Kwao mgeni hupokea kwa mikono miwili. Mmoja ni matusi. Mzee akanyoosha kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Evode akatoa mkono wa kushoto tu. Wa kuume ulibaki mfukoni.

Mzee akamwaga kasiksi nje.

"Anatuona imbwa huyu!"

Libérata akakumbuka: hata sokoni hakuwahi kumpa mkono ule.

"Uko na pete ya bibi mwingine? Umupelekee! Usirudie hapa."

Evode akashuka mlima kwenye mvua.

Kisha mama yake Libérata akateleza shambani, akavunjika mkono. Hospitalini, Libérata akasukuma mlango wa chumba kile. Mganga mzungu alijificha nyuma ya ukuta wa risasi, madini mazito yasiyopitisha mwangaza ule. Evode ndiye aliyemshikilia mama mbele ya mashine, mikono mitupu. Kucha za mkono wa kuume zilikuwa nyeusi, ngozi imepasuka kama ganda la ndizi lililoungua.

"Njo hii ulificha?"

"Papa angesema ni ukoma. Mwangaza ule hauume siku ile. Unangoja."

"Na glavu za risasi?"

"Iko ya munganga."

Libérata akamrudisha Evode Bihambwe. Mzee aliutazama mkono ule mpaka macho yakalowa, akajaza kibuyu. Evode akatoa wa kushoto. Libérata akaweka wake wa kuume kando yake.

"Mikono mbili, Papa."

"Nimeona. Mupokee."

Walioana. Waganga wakamkata Evode vidole, kisha mkono, kisha ugonjwa ukapanda kwapani, ukamuua. Libérata alimzika akiwa na mimba.

Na wewe? Mahali pake wamemweka mwanaume mwingine, anashikilia wagonjwa mikono mitupu, leo, unaposoma. Inuka. Nenda mlangoni pale na ndugu zako wote, msitoe mgonjwa yeyote mpaka msaidizi yule avalishwe glavu za risasi. Sasa hivi, angali na vidole.