Zamu ya Mgeni

Swali la kwanza la mchezo ule lilikuwa jepesi: wachezaji wangapi? Mwalimu Musyoka akagusa tatu. Kioo cha tableti kikawaka, ikafunguka ramani ya nchi isiyo na watu, mito yake na majangwa yake, na pembeni vikajipanga viti vinne.

"Hii nayo," akasema Musyoka. Akarudi nyuma, akagusa tatu tena. Viti vinne. Chini ya kile cha mwisho palikuwa na maneno ya Kiingereza, naye akawatafsiria wenzake: "Mgeni anasubiri. Mmruhusu aingie?"

Walikuwa mkekani, kwenye kivuli cha nyumba ya mabati ya Gumato, pale Griftu, alasiri ambayo upepo ulileta vumbi la soko la mifugo hadi kwenye vikombe. Gumato alikuwa mjane, na Musyoka alikuwa mpangaji wake, mwalimu kutoka Machakos aliyepelekwa huko na serikali na ambaye, kinyume na wengi, hakuwa ameomba uhamisho. Wa tatu alikuwa Ruqiya, binti pekee wa Gumato, aliyesubiri chuo kifunguliwe Garissa. Mkoba wake ulikuwa umefungwa tayari. Alikuwa msichana wa maneno mengi, na mama yake alianza kuuogopa ukimya ambao angeuacha nyuma.

Musyoka aliwahi kuuleta mchezo huo ukiwa ndani ya sanduku, wa ubao na vipande vya karatasi ngumu. Mchwa wa Griftu wakaula wote, miji, majeshi na maktaba zake. Ndipo akanunua huu wa tableti. Mchwa, alisema, hawali umeme.

Alitaka kukifuta kiti cha nne. Lakini Gumato hakuwahi kumwacha mtu amesimama mlangoni. Kwao mgeni haulizwi jina wala shida yake kabla hajanywa kitu, na akishapewa amani ya nyumba, mwenye nyumba humlinda kama anavyomlinda mwanawe. Akanyoosha kidole, akakigusa kiti, akasema kwa mzaha yale ambayo marehemu baba yake aliyasema kwa dhati kwa kila aliyetokea nyikani: "Karibu. Nagaa. Uko katika amani yangu."

Ruqiya akamimina kikombe cha nne cha chai ya maziwa, akakiweka ukingoni mwa mkeka. "Asije akasema tulimnyima."

Gumato na Ruqiya walipoinuka kwenda kuswali, kikombe kilikuwa kikavu, bila hata utando wa maziwa. Mbuzi huyo, walisema.

Wakaendelea kujifunza, jioni baada ya jioni.

"Kila mtu anaanza na familia moja," Musyoka alieleza. "Unatafuta mahali, unajenga mji. Mji unakula, unakunywa, unaongeza watu. Mwenye ustaarabu mkubwa mwishoni ndiye mshindi."

"Nisipojenga?"

"Lazima ujenge, Mama Ruqiya."

"Na majani yakiisha?"

"Hayaishi. Unalima."

Gumato akatikisa kichwa. Kwenye ramani kulikuwa na vihema vyekundu vilivyozungukazunguka jangwani na mifugo yao, bila mji. "Na hawa ni nani?"

Musyoka akakohoa. "Mchezo unawaita washenzi. Hawana mwenyewe. Ni wa kupigwa tu."

"Ayyo, si ni sisi hao!" Ruqiya akamwita mama yake kwa lugha yao, akaangua kicheko. "Mwalimu, ulitupangia viti tuje tujipige wenyewe?"

"Mimi sikuutunga!"

"Aliyeutunga alizaliwa karibu na mto," akasema Gumato, bila kinyongo. "Mwacheni. Kila mtu huisimulia dunia kuanzia pale alipokunywa maji."

Mgeni pia hakujenga. Zamu yake ilipofika tableti ilinyamaza kitambo, kisha kipande chake cha kijivu kikasogea mara moja, kikakaa kando ya kisima cha mji wa mwingine. Hakushambulia. Hakujibu lolote alilopewa kwenye mapatano. Alikaa tu ukingoni mwa maji, kama mtu anayengoja kutambuliwa.

Kilichobadilika kwanza nyumbani kilikuwa mazungumzo. Gumato angesema jambo, Ruqiya angedakia, Musyoka angetia lake, halafu wote watatu wangenyamaza. Si kwamba maneno yalikuwa yamekwisha. Walikuwa wanangoja. Walitazama ukingo wa mkeka kwa adabu, kama mtu anavyomtazama anayezungumza, na muda ulipotosha, Gumato ndiye aliyeanza upya. Ni Ruqiya aliyeligundua. Siku hiyo alishika mdomo kwa kiganja, akanong'ona, "Ayyo, tunamsikiliza nani?"

Hakuna aliyejibu, maana haikuwa zamu ya yeyote kati yao.

Kisha ikaja harufu. Saa sita mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati na hata kuku wamejificha, nyumba ilinuka udongo mbichi wa chini sana, harufu ya shimo ambalo halijawahi kuona mwanga. Na pamoja na harufu, wimbo. Gumato aliutambua. Utotoni, kaskazini huko, aliwaona wanaume wakisimama kwenye ngazi ndani ya visima virefu, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo na kuimba ili mikono isipotezane. Wimbo aliousikia sasa chini ya sakafu yake ulikuwa uleule, ila ulikuwa na sauti moja tu, nayo ilikuwa ikiachia nafasi za wenzake, ikiimba, ikingoja, ikiimba.

Musyoka aliufuta mchezo mbele yao. Wimbo haukukatika.

"Kwetu kuna msemo," akasema, akijikaza kutabasamu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mvivu huondoka mwenyewe. Tumpe kazi, Mama Ruqiya. Tuone kama atakaa."

"Sisi hatuna jembe, mwalimu."

"Basi mpe mitungi."

Kulikuwa na kiangazi, na mwenye mkokoteni wa punda alikuwa akipandisha bei ya maji kila alipopita. Gumato aliitazama mitungi mitupu ya njano iliyojipanga ukutani. Hakupenda ushauri ule, lakini hakuwa na mwingine, na Musyoka alikuwa mtu mwema. Akaigeukia sehemu ile ya mkeka isiyokaliwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mgeni wetu, kama utakaa, tusaidie maji."

Kulipokucha mitungi yote ilikuwa imejaa hadi shingoni, na maji yake yalikuwa baridi na matamu kuliko maji yoyote ya Griftu. Waliyaogopa hadi adhuhuri. Kisha kiu ikawashinda, wakanywa. Gumato hakujilaumu kwa hilo wakati ule, wala mtu aliyewahi kukaa huko mwezi wa ukame hawezi kumlaumu.

Jioni hiyo Musyoka alipowasha tableti aandae masomo yake, mchezo ulikuwa umerudi. Viti vilikuwa vitatu sasa: Musyoka, Gumato, Mgeni. Kipande cha kijivu kilikuwa kimekaa katikati ya mji wa Ruqiya, na watu wake wote walikuwa wakienda kisimani na kurudi.

"Ruqiya," akaita Gumato. "Ruqiya, njoo."

Binti alitoka chumbani. Akafungua kinywa, akakiacha wazi, akangoja. Macho yake yalihama kutoka kwa mama hadi kwa mwalimu, kisha hadi ukingoni mwa mkeka, kisha kwa mama tena, na kila mzunguko ulipokamilika na kumpita, kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu anayezama, na hakutoka hata neno, wala kesho yake, wala siku zilizofuata, ingawa alikula alipopewa na alilia bila sauti na aliandika kwa kidole vumbini, *zamu yangu haifiki*, hadi upepo ukayafuta.

Wakamwita Sheikh Dagane, mzee mpole aliyekuwa amesomea watu wengi walioguswa na majini na ambaye hakuwahi kudai kuwa anajua yote. Alisoma tangu alasiri hadi jua likawa jekundu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna kilichoanguka. Alipomaliza dua akasema, "Amin." Gumato akasema, "Amin." Musyoka, aliyekuwa amesimama mlangoni na ambaye Jumapili huenda kanisani, akasema naye, "Amina."

Kisha wakangoja. Sheikh mwenyewe alingoja, na Gumato aliuona uso wake ukibadilika alipojishtukia. Ukutani mtungi mmoja ukafanya *ko*, kama plastiki inayoegemewa na mtu, na harufu ya udongo wa chini ikawajia usoni kama pumzi.

"Mmesikia?" akanong'ona Sheikh. "Ameitikia dua."

"Mfukuze, Sheikh."

"Mwanangu, mvamizi hufukuzwa. Huyu aliingiaje?"

Gumato akamweleza kiti, chai, na maneno ya baba yake. Akamweleza mitungi. Sheikh Dagane akafumba macho.

"Angebaki mgeni, siku moja angeaga. Lakini mmempa kazi ya nyumba, akaifanya, mkanywa. Anayechota maji ya nyumba ni mtu wa nyumba. Na hamkumhesabu. Basi amejihesabu mwenyewe, mahali pa mwingine."

Musyoka akajifunika uso. "Ni mimi. Ni lile jembe langu."

"Ulisema la kwenu, mwalimu," akasema Gumato. "Nami nilisema la kwetu. Hakuna aliyekusudia." Akamgeukia Sheikh. "Nikimhesabu je? Nikimpa nafasi yake?"

"Hilo siwezi kukuambia ulifanye. Ukimhesabu kwa kinywa chako, hatatoka tena, si kwako wala kwa wajukuu wako. Msomee binti kila jioni. Nami nitasoma." Alipofika mlangoni akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Gumato alisoma kila jioni. Ruqiya alikonda. Chuo kilifunguliwa, na jina lake likawa linaitwa huko Garissa katika darasa ambalo hayumo. Ndipo Gumato akalikumbuka la mwisho walilokuwa nalo watu wa vihema: mahali pakiharibika, hama. Aliuza mbuzi wote. Mitungi ile aliimwaga kwenye mchanga mmoja mmoja kwa mikono yake, akatazama ardhi ikiyanywa maji, akaifunga mitupu juu ya lori la mifugo kwa kamba, akampandisha Ruqiya karibu na dereva. Musyoka aliwasindikiza hadi barabarani, akashindwa kuaga. Alifungua kinywa, akangoja, na lori likaondoka angali akingoja.

Njia nzima Gumato alimshika binti yake mkono. Hakusikia wimbo. Hakunusa chochote ila mafuta na ngamia. Walipoingia Garissa, na tuktuk zikaanza kupiga honi pande zote, na ule ubaridi wa mto ukapita dirishani, alihisi kitu kifuani kikilegea, akathubutu kusema, "Tumemwacha, mama. Tumemwachia majivu." Ruqiya akamtazama tu.

Chumba walichotafutiwa kilikuwa katika ua wa mwanamke wa makamo, Shurie, mcheshi, mwenye funguo nyingi kiunoni. Aliwasalimu, akawauliza safari, akampa pole msichana kwa kuchoka. Dereva akashusha mizigo. Alipofika kwenye mitungi alivuta kamba, akaguna, akaita utingo amsaidie.

"Mama, hii ulisema ni mitupu?"

Wakaishusha wawili wawili, wakiinama kwa uzito. Mmoja ulimwagika shingoni, na ua wote ukanuka udongo wa shimo refu. Gumato alisimama hapo, jua la Garissa likimchoma utosi, akafahamu jambo ambalo kila mtoto wa vihema hulijua kabla hajaota meno ya pili, nalo lilikuwa limemtoka akilini kwa hofu: kwamba nyumba inapohama, kinachobaki ni majivu na miiba ya boma, lakini watu wa nyumba huhama nayo wote, na wa kuchota maji ndiye hutangulia.

"Maji hapa nalipisha kwa vichwa," Shurie alikuwa akisema, akichagua ufunguo. "Usinifiche, dada, maana wengine huniambia wawili kumbe ni kijiji. Mko wangapi?"

Gumato akafungua kinywa aseme wawili. Pembeni yake Ruqiya alikuwa amekodoa macho, midomo imeachana, kifua kikipanda na kushuka, akiifuata zamu ilivyokuwa ikizunguka: Shurie, mama, na ile nafasi tupu kando ya mitungi. Ilikuwa ikija. Ilikuwa karibu kumpita tena.

Alimfikiria Sheikh Dagane. Aliwafikiria wajukuu ambao hawajazaliwa, akawaomba radhi.

"Watatu," akasema.

Kando ya mitungi kitu kikashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeruhusiwa kuketi.

"Ayyo," akasema Ruqiya, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani, na machozi yakamtoka mama yake kwa kuisikia. "Ayyo, nina kiu."

Na kabla Gumato hajasogea, kikombe kilikuwa kimekwisha kujazwa.