Mawimbi ya Kidodi

Rafiki yangu Nyanda, mfugaji wa Kidodi, bara mbali na bahari, alinunua redio ya mtumba pale Dumila, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika. Jioni moja alirudi kutoka kuchunga akaisikia ikinong'ona ndani gizani: "Usiku huu mawimbi ya mita mbili yatapasuka kwenye mwamba."

Akamshuku mkewe. "Celestina, betri mpya umezitoa wapi?"

"Betri gani? Zile zilizochoka si umezianika mwenyewe juu ya bati?"

Zilikuwa bado huko huko.

Usiku kucha mashamba ya miwa yalinguruma bila upepo, wala mvua haikunyesha. Asubuhi ukuta wa nyumba ulikuwa umelowa kupita kimo cha Nyanda, na ng'ombe wote wamejibanza pale, wanaulamba kama wanavyolamba chumvi.