Samaki Kumi na Wanne

Ijumaa ya mwisho ya Agosti 2013, saa nane na dakika kumi mchana, Wahida alirudi kazini akawakuta samaki wake wote kumi na wanne wanaelea matumbo juu.

Tangi lilikuwa sebuleni mwa nyumba ya wageni ya Orlando, mjini Palma, walikolala wahandisi wa gesi. Wahida ndiye aliyelitunza. Alijua nani akae na nani: kangaja hapatani na kangaja mwenzake, chewa humeza chochote kinachomwenea mdomoni, kikande hung'ata hata kidole cha anayemlisha. Mwaka mzima aliwapatanisha, huyu akimpangia jiwe, yule akimtengea pango, na hakuna aliyekufa kwa ugomvi.

Kando ya tangi palikuwa na chupa tupu ya javeli, dawa kali ya kung'arishia nguo.

"Ni Olívia," alisema Orlando. "Nani mwingine alibaki humu?"

Olívia alikuwa mfanya usafi, Mkristo kutoka Mueda, mwezi wake wa pili kazini. Saa sita na nusu wenzake walitawanyika, wengine msikitini, wengine makwao kula. Wiki iliyopita Orlando alimkaripia mbele ya wageni, na javeli ilikuwa chini ya uangalizi wa Olívia. Chefe Alberto wa polisi hakutafuta zaidi.

"Nilikuwa uani nafua mashuka," Olívia alilia. "Sebuleni sikuingia. Mana Wahida, dada yangu, waambie!"

Olívia akapelekwa kituoni na povu la sabuni bado mikononi.

Alipobaki peke yake, Wahida alianza kuitoa mizoga. Alimshuku kikande, lakini hakuna pezi lililochanika wala gamba lililong'oka. Akainama, akanusa maji. Yalinuka chumvi tu, na juu yake palikuwa na povu jepesi. Mwani kwenye kioo ulikuwa bado kijani kibichi. Chini, mchangani, kaa wawili waliovaa makombe walikuwa wakitambaa na kula kana kwamba hapakutokea kitu. Javeli isingewasaza hao.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nje ya ukuta, upande wa pwani, mchanga ulikuwa umelowa na unanuka javeli. Hatua tano mbele, kunguru walikuwa wamekizunguka kitu wasichokigusa: samaki mdogo wa manjano, mwenye madoa meusi, mwili wa pembe nne kama kijisanduku. Hakuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

Alimtambua mara moja. Marehemu baba yao aliwaonya wote wawili, yeye na kaka yake: "Huyu msimtie ndoo moja na wenzake. Akiogopa hutoa utelezi wa sumu, unatoa povu, na ndoo nzima inakufa, yeye mwenyewe akiwamo." Na mtu aliyezamia kuleta samaki hai kwenye tangi lile alikuwa mmoja tu, Aiuba, kaka yake.

Angeweza kumfukia samaki yule pale pale. Aliuchimba mchanga kwa kisigino, kishimo kikatosha. Kisha akamfunga samaki kwenye kitambaa, akaenda kituoni.

Saa kumi na nusu Aiuba aliitwa sebuleni. Orlando alikaa, Alberto alisimama mlangoni na Olívia pembeni yake.

"Ulikuwa wapi kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane?" Alberto aliuliza.

"Ijumaa, chefe. Msikitini. Ulizia."

Wahida aliweka kitambaa mezani bila kukifungua. "Kaka, sumu imepatikana. Imo humu. Nataka kuifungua, lakini naogopa kuigusa kwa mkono."

"Akishakufa hana neno," alisema Aiuba. "Nawa tu mikono."

"Nani akishakufa, kaka? Mimi nimesema sumu."

Aiuba alikitazama kitambaa, kisha akamtazama dada yake. Hakujaribu kukana.

"Nilimchokoa kwa kijiti humo tangini mpaka akatoa povu, javeli nikaimwaga nje," alisema. "Mwaka mzima nawazamieni samaki. Nilimwombea mke wangu kazi ya ufagio, ufagio tu! Akapewa aliyeshuka jana kutoka Mueda. Ghuba ya Tungue watu wa gesi wanatupigia uzio, na humu ndani pia hatuna nafasi?"

"Mimi nimekukosea nini?" Olívia aliuliza.

Aiuba alikuwa bado anamtazama Wahida. "Ungemfukia," alisema polepole. "Ulikuwa na mchanga wote ule."

Alberto akamfunga pingu.

Olívia alikusanya vitu vyake kabla ya magharibi. "Asante, mana," alisema, "ila sikai hapa. Leo umeujua ukweli wewe. Kesho ataujua nani?" Orlando naye alimwambia Wahida asirudi Jumatatu, pasipo samaki hapana mtunzaji, na dada wa Aiuba hamtaki mlangoni pake.

Habari zilimtangulia nyumbani. Mama yake alikuwa kizingitini, mkewe Aiuba akilia nyuma yake.

"Yule wa Mueda ni nani wako?" mama aliuliza.

"Si mtu wangu, mama. Lakini hakufanya."

"Na aliyefanya?"

Wahida alisogea mlangoni aingie.

"Basi nenda ukale kwa huyo wa Mueda," mama alisema, akafunga mlango.